Mpapai Usiozaa: Jinsia Tatu, Mbegu Moja, na Bustani ya Nyumbani Moshi na Arusha

Mpapai umepita paa la jiko, maua yananing'inia tele, na mwaka unaisha bila tunda. Hilo ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko mengine yote ya bustani za nyumbani hapa Moshi, kuanzia Pasua na Njoro mpaka vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, vya Kibosho. Na kila anayelileta huwa tayari ameshapewa tiba na majirani: pigilia msumari kwenye shina, fungia jiwe, chanja kwa panga alfajiri, kata kichwa. Mwingine ameambiwa udongo umechoka. Mara nyingi udongo hauna kosa lolote. Mti ule ni dume, ulikuwa dume tangu ndani ya mbegu, na siku ulipopandwa hakuna jicho la mtu ambalo lingeweza kulijua hilo.

Miti mingi ya matunda tuliyoizoea haina shida hii. Mwembe, mchungwa, mpera: panda mmoja, utunze, mapema au baadaye utakulisha. Mpapai unakuja na swali la ziada, la jinsia, na swali hilo lina majibu matatu. Dume na jike tunavijua sote. Wa tatu ni mpapai wenye jinsia zote mbili ndani ya ua moja. Yale mapapai marefu unayoyakuta yamepangwa kwenye meza za Mbuyuni hapa Moshi au soko la Kilombero kule Arusha yanatoka kwenye mti wa namna hiyo, na huo ndio unaowachanganya watu wengi zaidi.

Ua linasema kabla ya tunda

Nenda kwenye mpapai wowote uliokwisha kuchanua, asubuhi, kukiwa na mwanga wa kutosha. Kama maua yametoka kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia, pengine nusu mita au zaidi, na kila kikonyo kina vijiua vingi vyembamba vyenye umbo la tarumbeta, huo ni dume. Pasua kijiua kimoja kwa ukucha. Ndani utakuta vijiti kumi vifupi vyenye unga wa njano, yaani chavua, na katikati pana kisindano tu kisichoweza kuwa tunda.

Ua la jike limekaa karibu kabisa na shina, peke yake au mawili matatu pamoja. Ni nene chini na limechongoka juu, petali zake tano hazijaungana, na ukizibandua unakutana na kitunda kichanga cha mviringo, rangi ya maziwa, chenye vishungi vitano kileleni vya kunasia chavua. Unga wa njano haumo.

Ua la jinsia mbili nalo hukaa karibu na shina, ndiyo maana wengi wanalidhania la jike. Tofauti iko ndani. Petali zimeshikana kwa chini, kitunda kichanga ni kirefu na chembamba, na kimezungukwa na vile vijiti vya chavua vya njano. Ua hili linaweza kujichavusha lenyewe bila msaada wa mti mwingine. Huna haja hata ya kusubiri lifunguke: chuma tumba moja, lichane kwa wembe kuanzia juu hadi chini, utazame. Tumba la jike huwa limetanuka chini. La jinsia mbili huwa na unene unaokaribia kuwa sawa mpaka juu, na ncha butu.

Matunda nayo yanaonyesha. Jike huzaa papai la mviringo au la yai, lenye uwazi mkubwa katikati. Mti wa jinsia mbili huzaa papai refu lenye umbo la pea, nyama nene na uwazi mdogo. Ukiwa sokoni, basi, unaweza kuijua jinsia ya mama wa papai ulilolishika. Baba ndiye humjui, na kwenye mbegu baba ana neno kubwa.

Na ule msumari? Imani ile ina chanzo chake. Mpapai dume, katika majira fulani, hasa kipindi cha baridi, hutoa maua machache yenye sehemu za kike, na hapo utaona vipapai viwili vitatu vikining'inia mwishoni mwa vile vikonyo virefu. Aliyepigilia msumari mwezi mmoja kabla atausifu msumari. Mti huo ungefanya hivyo hata kama usingeguswa, na vipapai hivyo huwa vidogo na vichache mno kuhesabiwa kuwa mavuno. Msumari wenyewe unachofanya ni kufungua mlango wa vimelea kwenye shina ambalo ni laini na lenye uwazi katikati. Mama mmoja wa Soweto, mtaa wa hapa Moshi, alinisimamisha akiwa na nyundo mkononi. Nilimwambia: "Mama, huu usiupige. Panda mitatu mingine pembeni yake, huu uache utoe chavua." Ushauri huo ndio nitakaoueleza hapa, kwa sababu nyuma yake kuna hesabu.

Hesabu iliyo ndani ya mbegu

Mwaka 1938 watafiti wawili, Hofmeyr wa Afrika Kusini na Storey wa Hawaii, kila mmoja kwa kazi yake, walieleza jinsi jinsia ya mpapai inavyorithiwa. Tangu wakati huo maabara zimeingia ndani zaidi, mpaka mwaka 2008 ramani ya vinasaba vya mpapai ikachapishwa, lakini kwa mtu wa bustani maelezo ya mwanzo yanatosha.

Kila mpapai hubeba alama mbili za jinsia, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Mpapai jike una alama mbili za kike. Dume lina moja ya kike na moja ya kiume. Wa jinsia mbili una moja ya kike na moja iliyo ndugu wa karibu wa ile ya kiume, ila yenyewe hujenga sehemu za kiume bila kuzizima za kike. Halafu kuna sharti moja gumu: mbegu iliyokosa kabisa alama ya kike haiishi. Kijusi chake hufa mapema, ndani ya tunda.

Sasa fuata nasaba. Jike likipata chavua ya dume, nusu ya mbegu ni jike na nusu ni dume. Jike likipata chavua ya mti wa jinsia mbili, nusu ni jike na nusu ni wa jinsia mbili. Dume halipo hata moja. Mti wa jinsia mbili ukijichavusha, robo ya mbegu hufa kwa sharti lile, na katika zilizobaki theluthi mbili ni wa jinsia mbili na theluthi moja ni jike. Hapo pia dume halipo. Lakini mti huohuo wa jinsia mbili ukifikiwa na chavua ya dume la jirani, kila jinsia inapata theluthi yake.

Soma tena mistari hiyo ukifikiria mtaa wako. Dume huzaliwa pale tu dume lingine linapokuwa baba. Papai tamu, refu, lililotoka kwa jirani mwenye mti mmoja mzuri, linaweza kukupa madume kwa sababu nyumba ya tatu kutoka kwake pana dume linalochanua mwaka mzima. Papai hilohilo likitoka kwenye shamba kubwa lisilo na dume hata moja, mbegu zake hazitakupa dume. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kusimulia mambo tofauti kabisa kuhusu "mbegu ya papai la sokoni", na wote wakawa wanasema kweli.

Utamu nao una hesabu yake. Mbegu chotara zinazouzwa maduka ya pembejeo, Red Lady ya Taiwan ikiwa mojawapo iliyoenea sana duniani, hutokana na wazazi wawili waliochaguliwa makusudi. Mti unaoupata ni mzuri, lakini mbegu utakazotoa kwenye tunda lake zitatawanyika: mwingine mfupi, mwingine mrefu, mwingine mtamu, mwingine wa maji matupu. Aina za Solo, ambazo asili yake ni mbegu zilizopelekwa Hawaii kutoka Barbados mwaka 1911, zimejichavusha kizazi baada ya kizazi mpaka zikatulia, na mbegu yake iliyojichavusha huzaa kitu kinachofanana na mama. Kama unataka kuwa unatunza mbegu yako mwenyewe miaka na miaka, anza na aina ya namna hiyo.

Njia ya kumzuia baba asiyejulikana ni rahisi na haigharimu chochote. Kwenye mti wa jinsia mbili unaoupenda, tafuta tumba lililokaribia kufunguka, livishe mfuko mdogo wa karatasi, funga mdomo wa mfuko kwa uzi bila kubana kikonyo. Ua litafunguka humo ndani na kujichavusha. Kitunda kikishaonekana kimeanza kukua, ondoa mfuko na ufunge uzi wa rangi ili siku ya kuchuma usikipoteze. Papai lile lina mama na baba mmoja, na ndani yake hamna dume.

Mitatu kwa shimo

Watu wengi hutafuta namna ya kuitambua jinsia kwenye mbegu au mche. Wapo wanaochukua mbegu za katikati ya tunda tu, wapo wanaoacha zinazoelea, wapo wanaotazama mzizi kama umenyooka au umegawanyika. Hakuna hata moja kati ya hizo inayofanya kazi. Kinachofanya kazi ni kipimo cha vinasaba cha maabara, na hicho hakina maana kwa mtu anayetaka mipapai minne nyuma ya nyumba. Kwa hiyo tunapanda mingi, tunasubiri ua, tunachagua.

Kanuni ya miche mitatu kwa shimo inatokana na hapo. Kama mbegu zako ni za jike na dume, nusu kwa nusu, mche mmoja kwa shimo maana yake kila shimo la pili utalipoteza. Miwili kwa shimo, shimo moja kati ya manne litakuwa madume matupu. Mitatu, ni shimo moja kati ya manane. Kwa mbegu za mti wa jinsia mbili uliojichavusha matokeo ni mazuri zaidi: uwezekano wa miche yote mitatu kuwa jike ni mmoja kati ya 27, na hata hapo hujapata hasara, maana jike huzaa.

Panda hiyo mitatu ikiwa imeachana kama sentimita 20 hivi ndani ya shimo moja. Maua ya kwanza yakitokea, yakague, kisha bakiza mmoja. Unaouondoa ukate kwa kisu chini kabisa, usiung'oe, kwa sababu mizizi imeshasukana na ule unaobaki. Najua inauma kukata mti wenye afya uliousindikiza kwa miezi mitano au sita. Mitatu ikibaki pamoja itagombania mwanga na chakula, na yote itakuwa myembamba.

Usiwamalize madume wote kama una majike. Katika shamba, dume moja kwa majike kumi hadi ishirini linatosha. Mtaani, dume la jirani linaweza kukutosha wewe na wenzako. Wanaobeba chavua hasa ni nondo wakubwa wanaoruka jioni giza likianza kuingia. Ua la dume lina asali na linanukia wakati huo. Ua la jike halina asali kabisa. Nondo hulitembelea kwa kudanganyika tu, akilifikiria ni lingine la dume, na kwa kosa hilo ndipo papai linapopatikana. Ukipuliza dawa ya wadudu jioni kwenye mipapai unawaua hao hao. Jike lisilofikiwa na chavua huangusha vitunda vikiwa vidogo, au hubaki na vichache visivyo na mbegu.

Baridi inapogeuza ua

Mpaka hapa nimesema kana kwamba Moshi na Arusha ni mamoja. Kwa mpapai si mamoja. Moshi mjini iko chini ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na ukishuka kuelekea mashamba ya miwa ya TPC na Kahe unazidi kupata joto. Arusha mjini iko karibu mita 1,400, na usiku wa Julai huko hushuka chini ya nyuzi 15. Mpapai ni mmea wa nchi za joto za Mexico na Amerika ya Kati; unafurahia nyuzi 21 hadi 33. Chini ya hapo hauendi kasi, na tunda lililokomaa wakati wa baridi hukosa sukari. Aliyeonja papai la Kahe na la Sakina, Arusha, mwezi Agosti ameshalijua hili mdomoni.

Baridi hufanya jambo jingine ambalo watu hulidhania ugonjwa. Ule mti wa jinsia mbili hauna msimamo. Kukiwa na baridi, vile vijiti vya chavua vinaungana na kitunda kichanga na kuanza kuwa sehemu ya tunda, na baadaye unapata papai lenye mifereji, lililojikunja, limepasuka upande, lisilouzika. Kukiwa na joto kali na ukame, mambo yanageuka: sehemu ya kike hushindwa kukua, ua hubaki la kiume, linaanguka. Kwa kuwa ua hutoka kwenye kila kwapa la jani, shina lenyewe hutunza kumbukumbu. Simama chini ya mpapai mrefu wa jinsia mbili uangalie kuanzia chini kwenda juu: kundi la matunda mazuri, halafu pengo tupu la makovu ya majani, halafu matunda yaliyopinda, kisha mazuri tena. Unasoma Februari ya ukame na Julai ya baridi bila kumuuliza mwenye nyumba.

Jike halina tabia hiyo. Baridi italichelewesha na kulipunguzia utamu, ila maua yake yanabaki ya kike. Kwa sababu hiyo wakulima wa sehemu zenye majira ya baridi Afrika Kusini na Australia walishikilia kwa miaka mingi aina za dume na jike badala ya zile za jinsia mbili. Na hapa nina msimamo ambao majirani zangu wa Arusha hawaupendi sana, kwa sababu kila mtu anataka papai refu: ukiwa Njiro, Moshono au Ngaramtoni, na una nafasi ya mipapai mitatu tu, bakiza majike mawili na mmoja wa jinsia mbili uwe baba wao. Ukiwa Moshi mjini, Mabogini au Himo, bakiza wa jinsia mbili bila wasiwasi. Ukiwa juu kabisa, Marangu ya juu au Machame ya karibu na msitu, chagua ukuta unaopokea jua la mchana na kuurudisha, na usitegemee mavuno ya mjini.

Muda nao hubadilika. Moshi ya chini unaweza kula papai la kwanza ndani ya mwaka mmoja tangu kupandikiza. Arusha ongeza miezi kadhaa, na tunda lililofungwa kuelekea baridi litachelewa zaidi kuiva.

Kuotesha

Chagua papai lililoiva mtini. Mbegu mbichi imevikwa kifuko chenye ute, na ute huo una kemikali zinazozuia kuota. Kazi yake porini ni kuifanya mbegu isiote ikiwa bado ndani ya tunda. Wengi hukausha mbegu pamoja na kifuko chake, wakapanda, wakasubiri, wakakata tamaa. Weka mbegu kwenye chujio, nyunyizia jivu la jikoni, sugua kwa vidole. Utahisi vifuko vikipasuka kimoja kimoja. Suuza mpaka ibaki mbegu nyeusi yenye mikunjo, isiyoteleza. Zitie kwenye maji, zinazoelea zitupe, kwa kuwa nyingi ni tupu. Zianike kivulini, siyo juani, siku mbili tatu, au zipande zikiwa mbichi vivyo hivyo. Mbegu mpya huota vizuri kuliko iliyokaa kabatini.

Otesha kwenye viriba moja kwa moja. Mpapai hauvumilii mizizi yake kuguswa, na mche ulionyofolewa kitaluni huchelewa sana hata ukipona. Jaza kiriba udongo wa juu, mchanga kidogo na samadi iliyooza kabisa. Weka mbegu mbili au tatu, kina cha sentimita moja hivi, mwagilia, weka pahali penye joto. Kwenye joto la Moshi huchipua baada ya wiki mbili au tatu. Arusha ya Juni inaweza kupita mwezi, na nyingi zitaoza kabla. Kwa hiyo Arusha subiri Septemba, baridi ikishapungua, uwe na miche ya kupandikiza mvua za vuli zikianza. Itapata miezi ya joto ya Desemba hadi Machi ya kujijenga.

Adui wa kitalu ni kinyausi. Mche unaonekana mzima jioni, asubuhi umelala chini, shingo imenywea na kuwa nyembamba pale unapogusana na udongo. Kinakuja na maji mengi, kivuli kizito na samadi mbichi. Mwagilia asubuhi tu, acha udongo ukauke juu kabla ya kumwagilia tena, na uache hewa ipite kati ya viriba.

Mche ukifika sentimita 15 hadi 20 uko tayari. Chana kiriba kwa wembe, shika bonge lote, weka shimoni kwa kina kilekile ulichokuwa nacho. Ukiuzika zaidi ya hapo shina linaoza.

Shimo, maji, chakula

Shimo la sentimita 60 kila upande, debe moja au mawili ya samadi iliyooza, mita mbili na nusu hadi tatu kutoka shimo hadi shimo. Jua kamili. Wenye vihamba hupenda kuuchomeka mpapai kati ya migomba na kahawa. Hapo utakimbilia mwanga, utakuwa mrefu kama mlingoti na matunda machache kileleni.

Lililo zito ni maji yaliyosimama. Mizizi ya mpapai ikikaa ndani ya maji siku mbili tu inaanza kufa, na majani ya chini yanageuka njano na kuanguka kana kwamba mti una kiu. Watu huongeza maji, wakaumaliza. Udongo mwekundu wa miteremko ya Kilimanjaro na Meru hupitisha maji vizuri. Mabondeni, penye udongo mweusi wa mfinyanzi, panda juu ya kilima cha udongo chenye urefu wa goti, na kama shamba linapitiwa na mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, elekeza maji yapite pembeni na kuondoka. Wakati wa kiangazi mpe maji ya kutosha kila baada ya siku chache, siyo kikombe kila jioni.

Mpapai una njaa ya kudumu, maana unakua, unachanua na kubeba kwa wakati mmoja. Ndoo ya samadi kila baada ya miezi miwili mitatu, ikizungushwa mbali na shina. Ukiona matunda yana manundu manundu, magumu, yakichuruzika utomvu kabla ya kukomaa, shuku upungufu wa boroni kwenye udongo, na umwone bwana shamba kabla ya kutia chochote, kwa sababu boroni ikizidi kidogo tu ni sumu kwa mmea. Kituo cha Tengeru cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kile ambacho wengi bado wanakiita HORTI, kinashughulika na mazao ya bustani, na kwa wakazi wa Arusha na Moshi hakiko mbali.

Ugonjwa mmoja wa kuujua kwa sura

Yako mengi: ubwiri unga kwenye majani wakati wa baridi, utitiri wakati wa kiangazi, vidung'ata vyeupe kama pamba kwenye shingo za matunda. Haya yanashughulikiwa. Ugonjwa wa virusi wa madoa ya pete haushughulikiwi. Majani machanga yanakuwa na mabaka ya njano na kukonda, vikonyo vya majani vinapata michirizi yenye rangi ya mafuta, na juu ya ngozi ya tunda unaona pete ndogo ndogo. Unabebwa na vidukari, wanaoufyonza mti mgonjwa dakika chache tu na kuuhamishia ugonjwa mti mzima. Mbegu haiubebi. Huko Hawaii ulifika eneo la Puna mwaka 1992 na kuangusha sehemu kubwa ya kilimo chao cha mapapai, mpaka aina iliyobadilishwa vinasaba ikatolewa mwaka 1998. Sisi dawa yetu ni kuung'oa mti siku unapoutambua na kuuchoma, na kuwaambia majirani wakague yao. Maboga, matango na matikiti yapande mbali na mipapai, kwani virusi hivi huingia humo pia na vidukari huhamia kutoka huko.

Mti ukishakuwa mrefu

Baada ya miaka mitatu hivi matunda huwa juu sana na yanapungua ukubwa. Kabla ya kuung'oa, jiulize ulikuwa mti gani. Kama ni ule uliokuzalia vizuri, ukate kwa msumeno kama mita moja kutoka chini, mwanzoni mwa majira ya joto. Shina lina tundu, na maji ya mvua yakiingia humo linaoza mpaka mizizini, kwa hiyo funika mkato kwa kopo au plastiki nzito uliyoifunga kwa kamba. Baada ya wiki chache machipukizi yatatoka ubavuni. Bakiza moja au mawili.

Machipukizi yaliyozidi usiyatupe, maana jinsia yake unaijua tayari: chipukizi la jike ni jike, la mti wa jinsia mbili ni la jinsia mbili, na utamu wake ni uleule wa mama. Unaweza kuyafanya vipandikizi, ingawa huota mizizi kwa shida na yanahitaji joto, kivuli na unyevu wa hewa wakati wote. Kubebesha kuna matumaini zaidi. Chukua mche wa mbegu wenye miezi miwili, unene wa penseli, ukate kichwa, pasua shina katikati kidogo. Chonga chipukizi la unene huohuo pande mbili kwa chini liwe kama kabari, punguza majani yake mpaka yabaki mawili madogo, lichomeke kwenye mpasuko ngozi zikiwa zimegusana. Pangusa utomvu, zungushia plastiki nyembamba, vika mfuko mwangavu, weka kivulini. Likianza kutoa jani jipya, fungua mfuko kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kisha lipeleke shimoni. Shimo hilo halihitaji miche mitatu.